Si Kila Tumbo Linalouma Lina Vidonda: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akiumwa tumbo kwa siku kadhaa, mara nyingi jina la ugonjwa hupatikana kabla ya kipimo: ana vidonda, ana minyoo, au ni gesi tu. Lakini eneo hilo moja lina mfuko wa chakula, ini, nyongo, kongosho, utumbo mwembamba na mpana, figo, kibofu, na kwa mwanamke mfuko wa uzazi na ovari zake. Neva za viungo hivi hukutana njiani kuelekea kwenye ubongo, ndiyo maana panapouma si lazima pawe penye ugonjwa. Ukali wa maumivu peke yake hausemi mengi. Kinachosema zaidi ni mwenendo wake: yalianzia wapi, yamehamia wapi, huja wakati gani, na yameandamana na nini.

Dhana: Vidonda vya tumbo huletwa na pilipili, mawazo na njaa

Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori, waliyemtoa kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao, na baada ya siku chache ukuta wa tumbo lake ukapata uvimbe. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Leo inajulikana kwamba vidonda vingi hutokana na bakteria huyo au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hudhoofisha kinga ya asili ya ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Pilipili na mawazo huweza kuzidisha maumivu, ila si chanzo cha vidonda. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu anayeacha pilipili huku akiendelea kumeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo ameacha kisicho na hatia na kushikilia kinachomdhuru. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Upimaji nao una mitego yake. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili kinaweza kubaki chanya kwa miezi mingi baada ya bakteria kwisha, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kupona. Kazi hiyo hufanywa na kipimo cha pumzi au cha kinyesi. Ili majibu yawe ya kweli, dawa za kupunguza asidi kama omeprazo huachwa kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4 kabla ya kupima, kwa maelekezo ya daktari aliyeziandika. Tiba yenyewe kwa kawaida huchukua siku 14, na anayeikatisha siku ya 4 kwa sababu maumivu yamekwisha huwaachia bakteria nafasi ya kuwa sugu.

Tena, si kila moto wa chembe ya moyo ni kidonda. Ukipanda nyuma ya mfupa wa kifua baada ya kula na kuzidi mtu anapolala au kuinama, huenda ni kiungulia, yaani asidi inayorudi kwenye umio. Maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni na kuandamana na kutapika huweza kuwa ya kongosho, na yale ya juu kulia yanayofika kwenye bega mara nyingi ni ya mawe ya nyongo. Hatari kubwa zaidi ni kuuchukulia mshtuko wa moyo kuwa ni vidonda. Mtu anayebanwa chembe ya moyo huku akitokwa jasho jembamba, akikosa pumzi, au akihisi maumivu kwenye mkono au taya, hapaswi kupewa dawa ya asidi na kuambiwa asubiri, hasa akiwa mzee, mwanamke au mwenye kisukari, kwani kwao moyo hujificha hivyo mara nyingi zaidi.

Dhana: Kidole tumbo huuma kulia tangu mwanzo, na maumivu yakipoa hatari imepita

Dhana hii hugharimu maisha, kwa hiyo inafaa kuitazama kwa karibu. Mwanzoni maumivu mara nyingi huwa karibu na kitovu, hafifu, mgonjwa akidhani amekula kitu kibaya. Hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu hufuata, kisha baada ya saa kadhaa maumivu huhamia chini kulia na kutulia mahali ambapo mgonjwa anaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Huhama kwa sababu neva za kidole tumbo chenyewe hupeleka taarifa kwa njia moja na zile za eneo la kitovu. Uvimbe unapoufikia utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, wenye neva zinazotambua mahali barabara, ndipo maumivu hupata makazi. Mwangalie mgonjwa wa namna hii akitembea: huinama kidogo, hupiga hatua fupi, na hukunja uso akikohoa au gari linaporuka tuta. Mtoto akiambiwa aruke kwa mguu mmoja hukataa.

Maumivu hayo yakipoa ghafla bila matibabu, huenda kidole tumbo kimepasuka. Nafuu hiyo ni ya muda mfupi. Baadaye tumbo zima huuma, hukakamaa, na homa hupanda. Kwa sababu hiyo ni kosa kumpa dawa ya kulegeza choo au kumfanyia enema, yaani kumwingizia maji kwenye njia ya haja kubwa, mtu mwenye dalili hizi kwa kudhani kwamba choo ndicho kimemkwama. Mbegu za matunda, ambazo wengi huzilaumu, ni chanzo cha nadra sana. Kinachoziba kidole tumbo mara nyingi ni kinyesi kilichokauka au uvimbe wa tishu zake zenyewe.

Mwanamke aliyekosa hedhi na kupata maumivu ya chini ya tumbo, hasa yakiwa ya upande mmoja pamoja na kizunguzungu, matone ya damu au maumivu kwenye ncha ya bega, anatakiwa kupimwa mimba siku hiyohiyo, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka huvuja damu nyingi ndani kwa ndani.

Dhana: Kipimo kikisema ndiyo, ugonjwa upo, kikisema hapana, maumivu ni ya kufikirika

Kipimo cha Widal ni mfano mzuri. Hutafuta kingamwili za homa ya matumbo, ambazo zinaweza kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au hata bakteria wengine, kwa hiyo jibu chanya moja halitoshi. Kuotesha maabara bakteria kutoka kwenye damu, iliyochukuliwa kabla ya kuanza antibiotiki, huaminika zaidi.

Kwa upande wa pili wako watu ambao kamera, picha na damu vyote ni safi, na bado wanaumwa kweli. Utumbo una mtandao wake wa seli za neva zaidi ya milioni 100, na mawasiliano kati yake na ubongo yanapovurugika, mjongeo na gesi vya kawaida huhisiwa kama maumivu. Wagonjwa hawa huumwa angalau siku moja kwa wiki kwa miezi, maumivu yakihusiana na kwenda haja, na choo hubadilika kuwa kigumu, chepesi, au kwa zamu. Tiba ipo, na inastahili kuanza bila kumwambia mtu kwamba anajitungia.

Dhana: Asiyepata choo kila siku amejaa sumu

Kawaida ni kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki. Linalohitaji kuangaliwa ni mabadiliko ya mazoea ya mtu mwenyewe, na zaidi ya yote hali ya kushindwa kutoa choo na hewa pamoja, tumbo likijaa na matapishi yakija. Huko ni kuziba kwa utumbo.

Dhana: Tumbo la mtoto ni minyoo, na anayeharisha anyimwe maji

Minyoo michache kwa kawaida haiumi. Mingi sana huweza hata kuziba utumbo, lakini mtoto huumwa tumbo pia kwa sababu ya nimonia, maambukizi ya mkojo, au korodani iliyojisokota, ambayo inahitaji upasuaji ndani ya takriban saa 6 ili iokolewe. Mvulana mwenye aibu husema tumbo tu, hivyo aulizwe kwa upole. Mtoto mchanga anayetapika kijani, au anayelia kwa vipindi akikunja miguu kisha kutoa choo chenye ute na damu, apelekwe hospitali papo hapo.

Anayeharisha aendelee kunyonya, kula na kunywa ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Kuhara kwingi hakuhitaji antibiotiki, na dawa za kufunga tumbo hazifai kwa watoto wadogo wala kwa anayeharisha damu.

Dhana: Damu ya tumboni lazima ionekane nyekundu

Damu iliyovuja sehemu ya juu, kama kwenye mfuko wa chakula, humeng'enywa njiani, na hutoka kama choo cheusi ti, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au kama matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila bila kunata na harufu hiyo. Uvujaji wa polepole huenda usionekane kabisa, ukajulikana tu kwa uchovu na upungufu wa damu. Nayo damu nyekundu isipewe jina la bawasiri bila uchunguzi, hasa kwa mtu mzima aliyepungua uzito au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, kwa kuwa saratani ya utumbo mpana huanza hivyohivyo. Daktari atajiwe dawa zote anazomeza mgonjwa, zikiwemo zile za maumivu zilizonunuliwa bila kuandikiwa, kwa sababu hizo ndizo husahaulika kwanza.