Jibu lisiishie kwenye maoni ya mapitio

Fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) yenyewe ilikuwa fupi, mistari kama kumi na miwili: `tuma_malipo(kiasi, sarafu)`. Kijana aliyeiandika ni makini, na majaribio yote yalipita. Nikamuuliza kwenye mapitio, yaani ukaguzi wa msimbo kabla haujaunganishwa, hiki kiasi ni shilingi au senti? Akajibu papo hapo: "Senti, kaka." Nikaidhinisha, tukaunganisha na tawi kuu (toleo rasmi la msimbo), tukaenda kula.

Miezi kadhaa baadaye mwenzetu mwingine akaongeza malipo ya Uganda. Yale maoni hakuyaona, na angeyaonaje? Yalizikwa ndani ya ombi la kuunganisha msimbo lililokwisha kufungwa. Akafuata alivyoona kwenye msimbo, akazidisha kila kiasi kwa 100. Kumbe katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina tarakimu 2 za desimali (hata kama senti sokoni huijui), ila ya Uganda haina hata moja. Faranga za Rwanda na Burundi vilevile. Tulinusurika kwa kuwa tulikuwa bado kwenye mazingira ya majaribio. La sivyo mteja wa Kampala angekatwa mara mia ya deni lake.

Kosa lile nalihesabu kuwa langu, mimi mkaguzi. Niliuliza, nikajibiwa, kisha nikaacha jibu lipotee. Siku hizi swali langu likihitaji maelezo, namwandikia mwenye msimbo: "Asante, sasa lihamishie kwenye faili." Mkaguzi ndiye msomaji wa kwanza asiyejua yaliyomo kichwani mwa mwandishi. Pale nilipokwama mimi, wa pili naye atakwama, na huyo hatakuwa na wa kumuuliza.

Wapi jibu likae, hapo ndipo penye kazi. Kipimo cha kigezo (kama kiasi ni senti au shilingi) kikae kwenye maelezo ya fanksheni. Sababu ya kuchagua njia hii na kuacha ile ikae kwenye ujumbe wa komiti, yale maelezo mafupi yanayoambatana na kila badiliko linalohifadhiwa. Mara nyingine hata maelezo hayahitajiki, jina tu libadilishwe.

Kwa suala letu la sarafu nilidai mfano, tena unaoendeshwa:

```
>>> badili_kiasi(1500, "TZS")
150000
>>> badili_kiasi(1500, "UGX")
1500
```

Lugha ya programu ya Python ina moduli ya `doctest` inayosoma mifano ya namna hii ndani ya maelezo na kuijaribu. Mtu akibadilisha hesabu akasahau maelezo, jaribio linaanguka. Mistari minne hii imetufaa kuliko kurasa zote tulizowahi kuandika pembeni na kuzisahau.

Ndiyo maana napenda mpangilio wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti: nyaraka zinakaa hazina moja na msimbo, na kipengele kipya hutarajiwa kuja na nyaraka zake. Mkaguzi anaviona vyote katika ombi lilelile. Nyaraka zikiwa kwenye mfumo mwingine, nani atazikumbuka Ijumaa saa kumi na moja jioni?

Tahajia sizuilii ombi. Naisahihisha mwenyewe na kusonga mbele. Na maoni yaliyoandikwa ndani ya msimbo, ya aina ya "ongeza moja kwenye i" nayafuta bila huruma, maana msimbo umeshasema hivyo. Kizingiti changu ni kimoja: swali nililouliza likibaki halina jibu ndani ya faili, siidhinishi, hata kama mwenye msimbo amekaa meza ya pili yangu na ameshanieleza kwa mdomo.