Je, wajua kwa nini wufa ya "wati 10,000" haichomi fyuzi?

Pita kwenye maduka ya redio mjini Kisumu, kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele, utakuta wufa zimepangwa mlangoni zikivuma, na kila katoni inajisifu kwa maelfu ya wati: 5,000, 8,000, 10,000. Sasa piga hesabu. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu haizidi ampea 13. Zidisha: wati 3,120, basi. Wufa ingevuta wati 10,000 kweli, fyuzi ingekatika kabla wimbo haujashika moto.

Siri iko kwenye herufi nne zilizo kando ya nambari hiyo: PMPO. Zinadai kutaja kilele cha nguvu ambacho chombo hufikia kwa kufumba na kufumbua, na kwa kuwa hakuna kanuni moja ya kukipima, kila kiwanda hujiandikia kinachokipendeza. Nambari ya kuamini ni ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo. Usipoiona kwenye katoni, mwombe muuzaji ageuze mashine, usome kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Hapo huandikwa wati inazovuta kutoka ukutani. Ukikuta 60, usitarajie ikupe hata hizo 60 mfululizo, maana nyingine hupotea kama joto.

Hata hivyo, wati za kweli nazo hazitoshi kuchagulia spika. Kuna spika nyepesi kuitika na nyingine nzito. Hupimwa kwa kupewa wati moja na kusikilizwa umbali wa mita moja. Za nyumbani nyingi huwa kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 84 na 90. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana: spika ya 84 huhitaji umeme mara nne ili ilingane na ya 90. Kwa hiyo ampilifaya ya wati 20 yenye spika nyepesi hulingana na ya wati 80 yenye spika nzito. Sikio nalo lina mambo yake. Ili lihisi sauti imeongezeka maradufu, huhitaji wati takriban mara kumi.

Besi ndiyo inayomaliza pesa za watu. Uzi mnene wa gitaa la besi, lile linalobeba benga, hulia karibu herzi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kila sauti inaposhuka oktavu moja, yaani mitetemo ikipungua nusu, spika hulazimika kusukuma hewa mara nne zaidi ili ukali wake usipungue. Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikiwa ya inchi tatu ndani ya plastiki nyembamba haiwezi, hata ikiandikwa wati ngapi.

Mimi kwa bajeti ndogo ningechagua spika mbili za mitumba za mbao nzito, na ampilifaya ndogo ya kweli, kuliko wufa mpya inayowakawaka taa. Soko la Kibuye siku ya Jumapili ni mahali pazuri pa kuanzia. Gonga kasha kwa kidole: likilia kama debe, liache. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza ndani, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Ukingo wa sponji ukiwa umeoza usikate tamaa, fundi mzuri huubadilisha, ila bei ishuke kwanza. Kagua pia koni zote kama zinalia, maana kuna makasha yenye koni za pambo tu zisizofungwa waya wowote.

Ukifika nyumbani, unganisha waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Ukigeuza waya za spika moja, koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi itapotea katikati ya sebule. Besi ikibaki hafifu, sogeza spika karibu na ukuta au pembeni mwa chumba. Itaongezeka bila kununua chochote.