Kuishiwa chaji si kufa kwa betri

Kila ikifika Januari picha zile zile huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: magari ya umeme yamejipanga kwenye theluji, vioo vimeganda, watu wamejikunyata pembeni na makoti yao, na chini yake maandishi, "Baridi imeua betri." Wanazituma walioko Minnesota na Toronto, ambao angalau baridi wanaijua, na wanazituma walioko Kariakoo, ambao barafu wanaionea kwenye friji. Wote neno ni moja: betri imekufa. Sasa tuelewane, maana hapa kuna mambo matatu yanayochanganywa, na moja tu ndilo linalostahili kuitwa kifo.

Kuishiwa chaji ni umeme uliohifadhiwa kwenye betri kubwa kupungua mpaka gari halina wa kuzungusha magurudumu. Basi. Ukilichaji linaondoka kama kawaida. Betri kufa ni kitu kingine: ni betri kutoshika tena chaji hata ukiichaji usiku kucha. Na katikati ya hayo mawili kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo inayozaa kelele zote hizi, nayo ni betri yenye chaji lakini imepoa mno.

Waliokulia pwani watakumbuka mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Chupa imejaa, unaiinamisha, hakitoki kitu. Hakuna aliyewahi kusema mafuta yameisha. Unaianika juani kidogo, yanamiminika. Betri za lithiamu ndivyo zilivyo. Ndani yake kuna chembe za lithiamu zinazosafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na safari hiyo ndiyo inayotoa umeme. Kimiminika kikipoa, chembe zinakwenda kwa taabu, ukinzani ndani ya betri, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda, na kompyuta ya gari inazuia sehemu ya chaji isitumike kwa wakati huo. Kwenye gari la Tesla utaiona kwa macho: alama ya betri inapata kipande cha buluu na kitheluji pembeni. Kile cha buluu hakijapotea. Betri ikipata joto, kinarudi.

Linalonikera hasa, hata hivyo, ni tarakimu moja: asilimia 41. Utaisoma kila mahali kwamba "baridi inakula asilimia 41 ya betri." Imetoka kwenye jaribio la kweli. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima aina tano za magari ya umeme kwenye maabara, katika nyuzi 7 chini ya sifuri, kikalinganisha na nyuzi 24. Hita ikiwa imewashwa, umbali ambao gari linaweza kwenda ulipungua kwa wastani wa asilimia 41. Lakini jaribio lile lile lilipofanywa bila hita, umbali ulipungua kwa asilimia 12 tu. Nusu hii ya pili ya habari hainukuliwi, sijui kwa nini, ilhali ndiyo yenye somo. Ile 12 ndiyo kazi ya baridi kwenye betri na mitambo. Zilizobaki ni gharama ya kumpasha moto binadamu aliyekaa ndani.

Na hata neno "umbali" hapo lisomwe vizuri. Kilichopungua ni kilomita. Gari ambalo lingekwenda kilomita 300 linakwenda chini ya 180, kwa sababu umeme ule ule sasa una kazi mbili: kusukuma gari na kuendesha hita. Mtu akisema betri imepungua asilimia 41 anafanana na anayedai tangi lake la petroli limekuwa dogo kwa sababu kuna foleni Ubungo.

Hapo ndipo lile swali hujitokeza: mbona gari la petroli hita yake haina gharama? Inayo, ila umeshailipa bila kujua. Katika petroli unayochoma, sehemu ndogo tu, robo mpaka theluthi hivi, ndiyo inayosukuma gari. Kubwa inatoka kama joto, kupitia ekzosi na rejeta. Hita ya gari la petroli inaokota joto ambalo lilikuwa linamwagwa. Mota ya umeme haina ufujaji huo; sehemu kubwa sana ya umeme wake inakwenda kwenye magurudumu, kwa hiyo hakuna joto la kutosha la kuokota na inabidi litengenezwe kwa makusudi. Ubora wake wakati wa kiangazi ndio unaolifanya gari la umeme lionekane hafifu wakati wa theluji. Na gari la petroli nalo linaumia: serikali ya Marekani yenyewe inawaambia madereva kwamba katika hizo nyuzi 7 chini ya sifuri, kwenye mizunguko ya mjini, lita moja inakwenda umbali pungufu kwa takriban asilimia 15. Ila hakuna anayelipiga picha, maana sheli ipo kila kona.

Watengenezaji wameliona hilo zamani. Magari ya mwanzo yalitumia hita ya koili: uniti moja ya umeme, uniti moja ya joto. (Uniti hizi ni zile zile za LUKU, yaani kilowati-saa; betri ya gari la umeme la kawaida inabeba 60 hivi.) Baadaye ikaja pampu ya joto, ambayo ni kiyoyozi kilichogeuzwa kufanya kazi kinyume: inachota joto kutoka hewa ya nje, hata kama hewa hiyo ni baridi, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti mbili au zaidi. Baridi ikizidi sana faida hiyo inapungua, lakini haiondoki yote mapema. Kwa hiyo unapolinganisha gari la huyu na la yule, uliza kwanza kama lina pampu ya joto. Vilevile kiti chenye waya wa kupasha moto kinatumia umeme kidogo mno ukilinganisha na kupasha hewa ya gari zima, na dereva wa nchi za baridi anayebana chaji hukimbilia hicho kwanza.

Sasa zile picha. Nyingi ni za eneo la Chicago, katikati ya Januari 2024, kwenye vituo vya kuchaji vya vitongoji kama Oak Brook na Evergreen Park. Baridi ilishuka hadi nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Ukiifuatilia habari yenyewe utaona betri hazikufa. Kilichotokea ni hiki. Betri iliyopoa haiwezi kupokea umeme haraka, kwa sababu lithiamu ikisukumwa kwa nguvu kwenye betri ya baridi inajibandika juu ya grafati, ule upande wa betri unaoipokea, badala ya kuingia ndani yake, na hilo ndilo linaloweza kuiharibu betri kweli. Gari linajilinda. Unalichomeka kwenye chaja iliyoandikwa kilowati 150, nalo linapokea sehemu ndogo tu ya hizo, na mwanzoni umeme wenyewe unakwenda kuipasha betri moto. Aliyezoea kuchaji kwa nusu saa anakaa saa nzima, au mbili. Nyuma yake wapo kumi wanaongoja, wote hita zimewashwa maana ukizizima unaganda, wote asilimia zinashuka. Wapo walioishiwa chaji wakiwa kwenye foleni ya chaja, mita chache kutoka kwenye waya. Baadhi yao walikuwa madereva wa teksi za mtandaoni, watu wasio na pa kuchajia nyumbani.

Dawa yake ipo, na ni rahisi kabisa: dereva anaandika kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari kabla hajaondoka, na gari linaipasha betri njiani ili ifike ikiwa tayari. Lakini hiyo yenyewe inatumia umeme, na mtu aliyebakiwa na asilimia 5 hana wa kuchezea. Kwa hiyo nasaha ya wazee wa nchi zile ni kutoiacha chaji ishuke sana siku za baridi kali, na kuchaji mara tu baada ya safari, betri ikiwa bado ina joto la barabarani. Asubuhi utakuta imepoa.

Norwei huko, baridi si ngeni, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Chama chao cha magari, NAF, huyapima kila majira ya baridi kwa njia ambayo mimi naipenda: wanayaendesha barabarani mpaka yasimame. Tofauti kati ya gari na gari ni kubwa, ila hadithi ya jumla ni moja, kwamba umbali ulioandikwa na kiwanda hupatikana kwa kipimo cha nyuzi 23, hita haijawashwa. Wenzetu hao wengi wanachaji nyumbani usiku, na asubuhi wanapasha gari joto likiwa bado kwenye waya, kwa umeme wa ukutani. Hapo hita haigusi betri.

Jambo jingine linalosemwa vibaya ni kwamba gari la umeme "linazimika ghafla." Halizimiki ghafla. Linakuonya mara kwa mara, kisha linapunguza nguvu; kwenye Nissan Leaf hujitokeza picha ya kobe kwenye dashibodi, na ukishamwona kobe ujue mwendo wako sasa ni wake. Ghafla inakuja pale dereva alipoamini kilomita zilizoandikwa kwenye kioo. Namba ile ni makisio ya gari kutokana na safari zilizopita. Ukishuka kutoka uwanda wenye jua ukaingia kwenye upepo wa theluji, makisio yanaporomoka mbele ya macho yako, na hakuna kilichovuja.

Kuna wakati lakini gari la umeme hukutwa asubuhi limekuwa gogo: milango haifunguki, kioo cheusi, na betri kubwa imejaa. Huyo ni betri mdogo, wa volti 12, yule yule anayekaa kwenye kila gari. Ndiye anayewasha kompyuta na kufunga swichi zinazounganisha betri kubwa. Baridi humwandama huyu kama anavyomwandama kwenye gari la petroli, na huyu ndiye anayekufa kweli. Anabustiwa au anabadilishwa, na fundi wa kawaida anamjua.

Na kama ni kifo cha betri kubwa unachokiogopa, basi umekosea majira. Baridi inaifanya betri kuwa nzito kufanya kazi. Joto ndilo linaloizeesha. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf za mwanzo huko Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua uwezo haraka, na hazikuwa na mfumo wa kimiminika wa kuzipoza. Uwezo uliopotea namna ile haurudi ukizipoza. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wana sababu kubwa zaidi ya kuuliza gari linapozaje betri yake kuliko aliyeko Oslo.

Kwa hiyo ndugu, ukituma tena ile picha, andika tu kwamba magari yameishiwa chaji. Halafu ongeza nyuzi zilikuwa ngapi, hita ilikuwa imewashwa kwa muda gani, na foleni ya chaja ilikuwa na magari mangapi. Bila hayo matatu hatuwezi kujua tunamlaumu nani.