Mtoto wa Mbwa Anayeng'ata: Hofu Inayodhaniwa Kuwa Ukali

Katika mitaa ya Tanga, kuanzia Chumbageni na Makorora hadi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Pongwe, mbwa hufugwa kwanza kwa ajili ya ulinzi. Ndiyo maana mwenye nyumba anapomwona mtoto wa mbwa wa wiki 10 akinguruma na kung'ata mikono ya watu, mara nyingi hufurahi akiamini kwamba amepata mlinzi. Sisi tunaotibu wanyama hatuoni hivyo. Katika umri huo mbwa hamjui mwizi ni nani; anachoonesha ni mchezo usio na mipaka, hofu au maumivu, na asiposaidiwa mapema, atakayeng'atwa baadaye ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo au wa jirani.

Chanzo kimoja tunachokutana nacho sana ni kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake kabla hajafikisha wiki 8. Anapocheza na ndugu zake, akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza, na kwa njia hiyo hujifunza kupima nguvu ya taya zake. Aliyechukuliwa akiwa na wiki 4 au 5 hukosa somo hilo, kisha hufungiwa bandani asione watu, kwa imani kwamba upweke utamfanya mkali. Kipindi cha tangu wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14 ndicho anachozoea watoto, wageni, pikipiki na kelele za mtaani, na asivyovizoea wakati huo huelekea kuviogopa akiwa mkubwa. Kumzoesha hakumaanishi kumwingiza ndani. Kaya nyingi za Tanga humweka mbwa nje kwa sababu za dini, na uani panatosha kabisa.

Ni muhimu kutofautisha mchezo na ukali. Anayecheza huinamisha kifua huku makalio yakiwa juu, na mwili wake huwa mlegevu. Mwenye hofu hukaza mwili, hukodoa macho, huficha mkia na kuinua midomo akionesha meno. Ngurumo yake ni onyo, na ni onyo la manufaa. Ukimpiga kwa kunguruma, atajifunza kunyamaza, kisha siku moja atang'ata bila kutoa ishara yoyote. Fimbo, kamba ya kudumu shingoni na pilipili ambayo baadhi ya watu humlisha humwongezea uchungu na woga. Hazimfundishi ulinzi, kwani kubwekea wageni huja kwenyewe anapokua.

Aking'ata wakati wa mchezo, simama kimya, ondoa mkono taratibu bila kuuvuta kwa ghafla, kisha ondoka kwa muda mfupi ili aone kwamba meno yanamaliza mchezo. Watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo, kwa sababu kijana mmoja anayemchokoza ili ang'ate anatosha kuharibu kazi ya wengine wote. Meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na umri wa kama miezi 4, fizi humuwasha, na huhitaji kitu cha kutafuna. Kitambaa kigumu kilicholowekwa maji baridi kinafaa ukiwa unamwangalia. Kamba ya katani, ingawa hapa kwetu inapatikana kila mahali, haifai, maana nyuzi zake zikimezwa zinaweza kuziba utumbo.

Kwa anayenguruma akiwa anakula, usimpokonye chakula ili kumwonesha nani mkubwa. Mpite kwa mbali kidogo na umtupie dagaa mmoja kila unapopita, ukisogea karibu siku hadi siku, mpaka ujio wako umaanishe nyongeza. Watoto wasimkaribie wakati huo.

Mtoto wa mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa sikio lenye usaha, jeraha au tumbo lililojaa minyoo humfanya asitake kuguswa. Lakini akidondosha mate, akishindwa kumeza au sauti ikibadilika, fikirieni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao hauwaachi hata watoto wa mbwa. Chanjo yake hutolewa kwa kawaida akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa mwenyewe, akiwa hai, asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama, afisa mifugo wa kata aarifiwe, na mnyama aangaliwe kwa siku 10. Aliyeng'atwa hasubiri siku hizo ziishe ndipo aanze sindano.