Wanawake na mashine: tunayoambiana na yaliyotokea

Pita Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar, siku ya kazi, au kaa kidogo kwenye kibanda cha fundi simu Kariakoo, utalisikia tu: mashine ni mambo ya wanaume tangu enzi na enzi. Nimelisikia pia kwa walimu, na hapo ndipo linaponiuma zaidi, kwa sababu msichana wa kidato cha pili akiambiwa hivyo na mwalimu wake ataanzia wapi kubisha? Nimekusanya hapa dhana zinazorudiwa sana. Ya mwisho tunaieneza sisi wenyewe tunaowatetea wanawake.

Dhana: Zana za kwanza za mawe zilichongwa na wanaume, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiwinda.

Zana za kale za Olduvai zina umri wa takribani miaka milioni 1.8, na hakuna mtaalamu anayeweza kushika mojawapo akakuambia ilichongwa na mkono wa nani. Ile picha ya vitabuni ya mwanamume akigonga jiwe huku mwanamke amekaa nyuma na mtoto ni mawazo ya mchoraji.

Tukitaka dalili, ziko karibu nasi. Kule Gombe, Kigoma, sokwe huchomeka vijiti na majani kwenye vichuguu ili kuvua mchwa. Watafiti waliofuatilia watoto wa sokwe hao waliripoti mwaka 2004 kwamba majike wadogo hujifunza kazi hiyo mapema kuliko madume, kwa tofauti ya kama miaka miwili, maana wao hukaa wakimtazama mama wakati madume wanacheza. Na kwa binadamu, huko Konso, kusini mwa Ethiopia, wanawake ndio mafundi wa vikwaruzo vya mawe vya kulainishia ngozi. Wanachagua jiwe, wanalichonga, wanalitumia, na binti anajifunza kwa mama yake. Si mambo ya kale hayo. Wataalamu wa mambo ya kale waliwakuta wakifanya kazi hiyo, wakaketi nao na kuandika.

Halafu kuna Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale. Tarehe 17 Julai 1959 ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, pale Olduvai, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Fuvu hilo limehifadhiwa hapa Dar, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Na mpangilio wa zana za Olduvai ambao wanafunzi wa mambo ya kale wanausoma hadi leo umejengwa juu ya kazi yake. Mtoto wa Ilala au Temeke anaweza kupanda daladala akashuka Posta na kwenda kuisoma historia hiyo kwa nauli ndogo tu.

Dhana: Vitu vya jikoni si teknolojia.

Chukua kifumbu, kile cha ukindu ambacho bibi zetu walikamulia nazi kabla ya chujio la plastiki na blenda. Kimesukwa mshazari, na siri yote iko hapo. Ukikijaza nazi iliyokunwa na maji ya vuguvugu, kisha ukashika ncha mbili na kusokota, ukindu unavutana, kifumbu kinarefuka na kuwa chembamba, kinabana kila upande kwa nguvu sawa. Tui linatoka, machicha yanabaki ndani. Hakina skrubu wala chuma. Hicho ni kikamulio, na aliyekibuni alielewa jinsi nguvu ya kusokota inavyogeuka kuwa nguvu ya kubana. Kingekuwa cha chuma na kinatumia dizeli, tungekiita mashine bila kusita.

Kinu na mchi navyo vimewahi kupanda hadhi kwa akili ya mwanamke. Sybilla Masters, mama wa Pennsylvania wakati ile ikiwa koloni la Uingereza, alibuni mtambo wa kutengeneza mahindi kwa kutwanga badala ya kusaga. Gogo la mviringo lenye vigingi lilizungushwa kwa maji au kwa wanyama. Kila kigingi kikipita kiliinua mchi, kikiuachia unaanguka kwenye kinu. Vinu vilipangwa safu, michi inapokezana. Anayejua kelele za mashine za kukoboa za Manzese ataelewa mara moja mama yule alikuwa anafikiria nini: kuondoa kazi ya mikono miwili na kuikabidhi kwa gurudumu.

Alisafiri hadi London kuomba hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi. Ilitolewa mwaka 1715, kwa jina la mumewe, Thomas Masters. Hati yenyewe ilikiri kwamba uvumbuzi ni wa Sybilla, mke wake. Ninalirudia kila ninapopata nafasi, kwa kuwa linajibu karibu dhana yote inayofuata.

Dhana: Kama wanawake wangevumbua kitu, majina yao yangekuwa kwenye kumbukumbu.

Kumbukumbu ziliandikwa kwa sheria za wakati wake. Chini ya sheria ya Uingereza, ambayo makoloni yake ya Marekani yaliirithi, mwanamke akiolewa mali yake iliingia mikononi mwa mume. Uingereza ilianza kuirekebisha hali hiyo kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Kabla ya hapo, mke aliyebuni kitu angekimiliki vipi kwa jina lake, wakati hata ujira wake haukuwa wake?

Na waliopata hati kwa jina lao wakati mwingine walilazimika kuipigania. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, mifuko ya khaki imejaa kila duka la Dar. Shika ule wenye kitako bapa, unaosimama wenyewe juu ya kaunta. Ufungue taratibu chini utaona pembe zimekunjwa kuelekea ndani, kisha vipande viwili vimelaliana na kugandishwa kwa gundi. Kukunja hivyo kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Mashine ya kufanya mikunjo hiyo ilibuniwa na Margaret Knight, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko huko Springfield, Massachusetts. Alitengeneza kielelezo cha mbao, kisha akapeleka kazi karakana ili apate cha chuma. Bwana mmoja, Charles Annan, akaiona huko, akaenda kuomba hataza kwa jina lake mwenyewe.

Knight alifungua shauri. Alileta michoro yake, vielelezo na mashahidi walioiona kazi ikikua hatua kwa hatua. Alishinda, na mwaka 1871 hataza ikatoka kwa jina la Margaret Knight. Hadi anafariki mwaka 1914 alikuwa na hataza zaidi ya 20. Kwa maoni yangu, kisa hiki kingefaa kusomwa darasa la ufundi kabla ya somo la kwanza la kuchora: weka michoro yako, iandike tarehe, na watu waione.

Dhana: Gari lilivumbuliwa na mwanamume, mwanamke alikuja kupanda tu.

Karl Benz alibuni gari lake, hilo halina ubishi. Lakini mahari aliyopewa mchumba wake Bertha na wazazi wake ndiyo iliyookoa karakana ya Karl hata kabla ya ndoa yao ya mwaka 1872. Na Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, Bertha aliwasha gari akiwa na wanawe wawili akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim kwao, karibu kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipoisha alinunua kwenye duka la dawa. Breki za mbao zilipolika alimwambia fundi viatu azigongee ngozi. Fundi yeyote wa Gerezani anajua hayo ndiyo majaribio ya barabarani, na yanataka mtu anayeijua mashine yake.

Dhana: Kompyuta zilianza na wanaume, wanawake walikuja kuchapa barua.

ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilionyeshwa kwa umma Februari 1946 huko Philadelphia: karibu tani 30, mirija ya kielektroniki takribani 18,000. Walioiandalia programu walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Kabla ya hapo wasichana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa wakikokotoa kwa mikono njia ya risasi za mizinga kwa ajili ya jeshi, na hesabu ya risasi moja ingeweza kula zaidi ya saa 30. ENIAC iliimaliza kwa sekunde kadhaa.

Hawakuwa na kitabu cha maelekezo, maana hakikuwepo. Walipewa michoro ya saketi, wakaichambua, wakawauliza wahandisi, kisha wakapanga kazi kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, hatua baada ya hatua. Mrija mmoja ukiungua walijifunza kuutafuta kati ya hayo maelfu. Siku ya maonyesho mtambo ulifanya kazi vizuri kwa sababu yao; jioni kukawa na karamu, hawakualikwa. Waliokuja kuziona picha zao miaka mingi baadaye walidhani ni wasichana waliosimamishwa pale kupamba mashine.

Dhana yetu wenyewe: Kila kitu kilianzishwa na mwanamke, kikaibwa.

Hili nalo halifai. Kwenye makundi ya WhatsApp kunazunguka habari kwamba Hedy Lamarr, mwigizaji wa filamu, ndiye aliyevumbua Wi-Fi. Alichofanya, pamoja na mwanamuziki George Antheil, ni kupata hataza mwaka 1942 ya njia ya kuongoza torpedo, yaani kombora la majini, kwa redio inayorukaruka kutoka wimbi moja hadi jingine ili adui asiizibe. Ni kazi kubwa kwa mtu aliyejifunza mwenyewe. Wi-Fi ilitengenezwa na watu wengine, miongo mingi baadaye. Tukimpa Lamarr kisicho chake, kijana mmoja mwenye simu atatafuta, atatuumbua, na Margaret Knight naye hataaminika tena.

Na hapa nyumbani tusipambe. Wahaya wa Kagera walifua chuma kizuri karne nyingi kabla ya wakoloni kufika, na mwiko uliwaweka wanawake mbali na tanuru. Ni historia yetu, tuiseme ilivyo. Wakati huohuo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu, wakavichoma kwenye moto wa wazi, vikapakiwa mitumbwini kupelekwa masokoni. Ukikosea udongo au moto, chungu kinapasuka; wao walijua kiasi chake, na bado wanafinyanga.