Visiwa bila viza kwa mwenye kibali cha ukaazi: jua kwanza mlango unalindwa na nani

Ikifika Desemba, simu za dawati letu la ushauri wa wahamiaji hubadilika. Miezi mingine watu wanauliza habari za kuwaleta wake, waume na watoto. Desemba wanaulizia bahari. Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyeingia Marekani kama mkimbizi na sasa ana grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, aliniuliza: "Mwanangu, hiki kikadi kinanifikisha wapi? Pasipoti ya Kongo sina, na baridi ya huku imeniingia mifupani." Nikamwambia Puerto Rico. Akanyamaza, kisha akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, iko chini ya Marekani tangu 1898, Hispania iliposhindwa vita ikaiachia. Ndege ya kutoka New York kwenda San Juan ni safari ya ndani, kama ya Dar es Salaam kwenda Mwanza: hakuna dirisha la uhamiaji, hakuna muhuri, hakuna wa kukuuliza pasipoti. Unachodaiwa ni kitambulisho pale kwenye ukaguzi wa usalama, na grini kadi inakubalika. Utaratibu wa REAL ID, unaodai vitambulisho vya viwango vipya, ulioanza kutekelezwa viwanjani 7 Mei 2025 umewahangaisha wenye leseni za udereva za zamani, lakini mwenye grini kadi hana shida nao. Wakati wa kurudi, mizigo hupitishwa kwenye mashine za wakaguzi wa Wizara ya Kilimo, ambao wanatafuta matunda na mimea inayoweza kubeba wadudu.

Jirani yake kuna Visiwa vya Virgin vya Marekani: Saint Thomas, Saint John na Saint Croix. Marekani ilivinunua kwa Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25 za dhahabu. Ukitokea bara, unaingia kama unavyoingia Puerto Rico. Kutoka ndiko kuna jambo: maofisa wa forodha na mipaka hukagua abiria kabla hawajapanda ndege ya kurudi, kwa hiyo kadi yenyewe iwe mkononi, si picha yake kwenye simu. Isitoshe, sheria ya Marekani inamtaka mkaazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 awe nayo wakati wote.

Ukisimama ufukwe wa kaskazini wa Saint John, Tortola unaiona waziwazi ng'ambo ya maji, na boti za abiria zinakwenda na kurudi. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Tortola ni ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Ukipanda boti ile umetoka Marekani, hata kama umekwenda kula samaki wa mchana tu, na wenyeji wako wana uhamiaji wao unaotaka pasipoti au hati ya kusafiria. Aliye na grini kadi halali atarudi. Lakini yule ambaye ombi lake la grini kadi bado linashughulikiwa, akitoka bila idhini ya mapema ya kusafiri, kwa kawaida ombi huhesabiwa kuwa ameliacha. Miaka ya kungoja inaishia kwenye sahani ya samaki.

Na usije ukadhani bendera ya Marekani inatosha kukuhakikishia njia. Samoa ya Marekani, kule Pasifiki, inapepea bendera hiyohiyo, lakini inaendesha uhamiaji wake yenyewe na ina masharti yake ya kuingia hata kwa anayetokea Honolulu. Ndiyo maana mtu akinitajia kisiwa, swali langu la kwanza huwa ni nani anayekaa mlangoni pake.

Kwa walioko Ulaya swali hilo linauma zaidi. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (lile kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), kikiambatana na pasipoti au hati ya kusafiria iliyo hai, kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Visiwa vya Canary, vilivyo karibu kabisa na pwani ya Afrika, ni Hispania na ni Schengen. Madeira ya Ureno vilevile. Mkimbizi aliyepewa hadhi Ujerumani, mwenye kibali chake na ile hati ya buluu ya kusafiria, anakwenda Tenerife bila kuomba viza popote. Anayengoja majibu ya hifadhi hawezi. Karatasi ya Duldung ya Ujerumani, anayopewa mtu aliyeahirishiwa kufukuzwa, hufa pale unapovuka mpaka, na kadi ya LMA ya Sweden inathibitisha tu kwamba umeomba hifadhi. Zote mbili zina picha na jina lako, zinafanana na kibali, na kila mwaka kuna anayekata tiketi kwa kuziamini.

Guadeloupe, Martinique na Réunion ni Ufaransa kamili, wanatumia yuro na kupiga kura Ufaransa, lakini haviko ndani ya Schengen. Viza ya Schengen ya kawaida haikufikishi huko mpaka iandikwe kwamba inafaa kwa maeneo hayo.

Mayotte, kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro, inatugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Ndugu zetu wa Ngazija, Nzwani na Mwali wanaiita Maore, na lugha ya huko ni jirani ya Kiswahili. Katika kura ya 1974 visiwa vile vitatu vilichagua uhuru, Maore ikabaki na Ufaransa, na mwaka 2011 ikawa mkoa wake kamili. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuvuka kwenda kisiwa ambacho babu yake alikwenda harusini kwa jahazi, na waliojaribu kuvuka usiku kwa vile viboti vya kwasa-kwasa wengi wamezama. Kwa upande wa vibali nako mambo si ya kawaida: mtu anaweza kuwa na kibali halali cha ukaazi cha Kifaransa, lakini kwa kuwa kimetolewa Mayotte, hakimruhusu kwenda Réunion wala Paris bila idhini nyingine. Kwa maoni yangu ni mpaka wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuieleza watu, na siwalaumu wanaodhani wamesikia vibaya.

Sasa Karibi. Kabla ya kibali, angalia kwanza pasipoti yako. Mkenya na Mtanzania, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, wanaingia Jamaika na Barbados kutalii bila viza, wawe na kibali cha ukaazi cha ng'ambo au wasiwe nacho. Anayepaswa kuuliza kama kibali kitamsaidia hapo ni Mkongomani au Mrundi. Jamhuri ya Dominika inampokea mtalii mwenye viza hai au ukaazi wa Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen. Ada ya dola 10 ya utalii huwa tayari imo kwenye tiketi ya ndege, na kabla ya safari unajaza fomu yao ya mtandaoni. Aruba na Curaçao, zilizo katika Ufalme wa Uholanzi ila nje ya Schengen, nazo huwasamehe viza wenye ukaazi wa Schengen.

Hapo msafiri anafurahi, anatafuta tiketi ya bei rahisi, anaipata: Brussels kwenda Punta Cana, huko Jamhuri ya Dominika, kupitia Miami. Asubuhi ya safari kaunta inamkatalia. Marekani haina utaratibu wa kubadili ndege bila kuingia nchini. Kila anayepita anapitia uhamiaji, na asiye na viza walau ya kupita hapandishwi. Yule binti wa kaunta hana roho mbaya. Anasoma kwenye skrini masharti ya mfumo wa Timatic ambao mashirika ya ndege huutumia, na anajua akimpandisha abiria asiye na hati kamili, shirika lake ndilo litakalotozwa faini. Lipa zaidi uende moja kwa moja.

Kadi yenyewe nayo ina mambo yake. Uingereza imeachana na kadi za BRP, yaani kadi zake za kibali cha ukaazi, nyingi zikiwa zimeandikwa mwisho 31 Desemba 2024, na sasa ukaazi uko mtandaoni. Ofisa wa kisiwa cha mbali aliyezoea kushika kadi huenda asijue afanye nini na msimbo unaomwonyesha kwenye simu, kwa hiyo waandikie ubalozi wao mapema na uchapishe jibu. Marekani, anayehuisha grini kadi anapewa barua inayoirefusha kwa miezi 36. Barua hiyo inakurudisha Marekani. Kisiwa cha nchi nyingine hakilazimiki kuitambua.

Walioko Ghuba wana njia nyepesi zaidi, kwani Shelisheli na Maldivi hazidai viza ya mapema kwa karibu mataifa yote. Shelisheli inataka uombe idhini ya kielektroniki kabla ya kupanda ndege, Maldivi inakupa siku 30 ukifika, na wote wanataka kadi ya homa ya manjano kwa anayetokea nchi kama Kenya. Lakini anayefanya kazi Saudia asisahau kibali cha kutoka na kurudi, maana bila hicho hata uwanja wa Riyadh hauvuki.

Yule mama wa Bukavu alikwenda San Juan mwezi Februari na wajukuu wawili. Alinipigia simu aliporudi. Bahari aliisifu, wali na maharage aliusifu zaidi. Kilichomkera ni maembe manne aliyonunua kwa ajili ya jirani yake: yalibaki kwenye mashine ya wakaguzi, kwa sababu tunda la embe halitoki Puerto Rico kwenda bara. "Mimi wamenipitisha," aliniambia, "embe wakalinyima viza."