Mbwa akiuma msikimbilie kumuua, mfungeni siku kumi

Jamani hii inatusumbua sana sisi watu wa mifugo. Mbwa kamuuma mtoto asubuhi, kelele mtaa mzima, mpaka nafika na pikipiki mbwa kashapigwa marungu kichwa kimesagika, na wameshamtupa korongoni. Wanaona kesi imeisha. Kumbe kichaa cha mbwa kinapimwa kwenye ubongo, sasa hapo napeleka nini maabara Temeke?

Watu wanauliza mbona siku kumi, mbona sio mwezi. Iko hivi, mbwa aking'atwa na mnyama mwenye kichaa, kirusi kinaingia kwenye kidonda chake kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, inaweza kuchukua wiki au hata miezi na muda wote huo mbwa hamwambukizi mtu, kikishafika kwenye ubongo ndo kinashuka kwenye tezi za mate na hapo mbwa mwenyewe hana maisha marefu. Mate yanakuwa na virusi siku chache tu kabla ya dalili, na dalili zikianza anakufa haraka. Kwa hiyo kama siku aliyokuuma mate yalikuwa na virusi, ndani ya siku kumi ataumwa au atakufa. Siku ya kumi akiwa anakula ugali wake na anabweka kama kawaida, siku ile hakukuambukiza.

Ila hesabu hii ni ya mbwa na paka tu. Umeumwa na mbweha, fisi au nyegere? Hamna cha kusubiri, sindano mpaka dozi iishe.

Tena usikae nyumbani eti unasubiri majibu ya mbwa!! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 (sio mafuta ya taa, sio pilipili), alafu nenda hospitali uanze chanjo siku hiyohiyo, mbwa akimaliza siku kumi mzima daktari ndo ataamua kama dozi zilizobaki ziachwe. Manake dalili zikishaanza kwa binadamu tiba hakuna.

Huku nyuma mbwa afungwe mnyororo imara au bandani, asiuzwe, asihamishwe, na asichanjwe kwanza, chanjo inaweza kumletea homa tukachanganyikiwa ni dalili au ni sindano. Na msisubiri kuona mkali tu. Kuna kichaa cha kupooza, mbwa anakuwa mpole, kajikunyata gizani, taya limelegea, udenda unachuruzika, maji anayataka ila hayamezeki. Mwenye mbwa akiona vile anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni autoe. Yaani huyo ndo ananitisha kuliko aliyeng'atwa, manake aliyeng'atwa anajua aende hospitali, huyu hata hajui kaguswa na nini.

Akifa kabla ya siku kumi msimzike, msimchune, msimshike mikono mitupu, nipigieni. Kichwa kinakaa kwenye barafu, au sampuli naichukua palepale kwa kupitisha mrija kwenye tundu la nyuma ya fuvu, kazi ya dakika chache tu kama hamjamponda.

Na wewe unayenionyesha kadi ya chanjo pale getini ukidhani nitageuza pikipiki, hongera kwa kuchanja, ila mbwa aliyechanjwa naye akiuma anafungwa siku kumi zilezile, na chakula chake ni juu yako.